Jinsi Watu Walivyofundishwa Kuinama

Yamkini hakuna mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi pasipo kusikia amri hii walau mara moja: "Keti wima!" Mwalimu huitoa darasani, mzazi huirudia nyumbani, na mtoto huitii kwa dakika mbili tatu, kisha mabega yake hurudi yalikokuwa. Baadaye, akipata kazi ya kuinua mizigo ghalani au kiwandani, hukutana na amri ya pili, iliyobandikwa ukutani pamoja na picha ya mtu: kunja magoti, nyosha mgongo, ndipo uinue. Amri hizi mbili zimezoeleka hata twazidhania kuwa za tangu na tangu, kama kwamba mwanadamu wa kwanza alizaliwa nazo. Sivyo hata kidogo. Kila moja ina wakati wake, nchi yake na watu walioitunga, na habari zake zafaa kusomwa, kwa kuwa ndani yake mna mambo ya haki na dhuluma kuliko mtu awezavyo kudhani akiutazama mgongo tu.

Lugha yetu yenyewe imekwisha kutoa hukumu mbili juu ya jambo hili, nazo hazipatani. Twamsifu mtu mwaminifu kwa kumwita mnyofu, na mtu mwongo twasema ameyapinda maneno. Kunyoka ni wema na kupinda ni ubaya. Walakini wazee walewale waliotupa maneno hayo wametuachia pia methali isemayo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, wala hawakuongeza neno juu ya namna ya kuinama, kama magoti yakunjwe au yasikunjwe. Huko Ulaya, katika karne tatu zilizopita, hukumu ya kwanza ndiyo iliyoshinda.

Maumivu ya mgongo ni ya kale kuliko mawaidha juu yake. Mwaka 1862 Mmarekani mmoja aitwaye Edwin Smith alinunua katika mji wa Luxor, nchini Misri, gombo la mafunjo lililoandikwa kiasi cha miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Kristo. Gombo hilo laeleza majeruhi 48, kuanzia kichwani kushuka chini, na la kila mmoja jinsi tabibu anavyopaswa kumpima. Wa mwisho, yaani wa 48, ni mtu aliyeteguka pingili ya uti wa mgongo. Tabibu aagizwa amwambie anyoshe miguu yake kisha aikunje. Mgonjwa akiinyosha huikunja mara moja kwa sababu ya maumivu. Hapo tabibu aagizwa amlaze chali, na baada ya maneno machache mwandishi alikoma katikati ya sentensi, wala hakuna ajuaye kwa nini. Ninalolitaka msomaji aliangalie ni hili: katika maneno yaliyosalia, mgonjwa huyo haulizwi alikuwa akiinama vipi alipoumia. Halaumiwi.

Lawama ilikuja baadaye sana. Mwaka 1741 tabibu mmoja wa Paris, Nicolas Andry, mzee wa miaka 83, alitoa kitabu cha kuwafundisha wazazi jinsi ya kuzuia na kuponya vilema vya watoto. Kukipa jina aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake "nyofu" na jingine "mtoto," na kutokana na jina hilo madaktari wa mifupa hata leo huitwa kwa lugha za Ulaya jina lenye asili hiyo. Ndani ya kitabu mna picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye nguzo iliyonyoka ili ukue wima. Sisi tungesema samaki mkunje angali mbichi. Andry alisema jambo lilo hilo kwa mti. Aliwausia wazazi wayaangalie hata viti na meza wanazoketi watoto wao.

Picha ile ya mti ilipendeza mno. Ilienea hata ikawa alama ya vyama vya madaktari wa mifupa katika nchi nyingi, na watu wakasahau kwamba ulikuwa ni mfano tu. Mti hauna misuli, hauendi sokoni, hauchoki wala haugeuki upande mwingine ukichoka. Na uti wa mgongo wa binadamu, hata ukiwa mzima kabisa, haukunyoka kama nguzo, bali umepinda ndani shingoni na kiunoni, na kutoka nje mahali pa mbavu. Tena, katika watoto wenye vibiongo wa siku zile, wengi hawakuharibiwa na kiti wala na uvivu. Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza mwaka 1779 ugonjwa unaozilegeza na kuzibomoa pingili za mgongo, nao ndio tuujuao leo kuwa kifua kikuu cha mifupa. Mtoto wa namna hiyo angeketi wima mchana kutwa na bado angepinda.

Katika karne iliyofuata palitokea watu waliokwenda mbali kuliko Andry. Huko Leipzig, katika Ujerumani, tabibu Moritz Schreber, aliyefariki mwaka 1861, alibuni chombo cha chuma cha kufungwa kwenye dawati mbele ya mtoto. Mtoto akiinamia kitabu chake, chuma humgonga kifuani na kumrudisha nyuma. Schreber hakuwa mtu katili machoni pa watu wa zama zake. Aliamini kwamba anayejua kuutawala mgongo wake atajua kuitawala nafsi yake. Hapo ndipo tuonapo jinsi jambo la mwili lilivyochanganywa na jambo la tabia, hata isijulikane tena ni daktari anayesema au ni mhubiri.

Marekani nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1914 kilianzishwa huko chama cha kitaifa kwa ajili ya mkao mwema, na punde baadaye daktari mmoja aliwapima vijana walioingia Chuo Kikuu cha Harvard, akatangaza kwamba kiasi cha wanne katika kila watano walikuwa na mkao mbaya. Badala ya kukitilia shaka kipimo, watu waliwatilia shaka vijana. (Mtihani ambao wanne katika watano huanguka, je, si haki kumchunguza mtahini kabla ya mtahiniwa?) Kwa miaka mingi iliyofuata vyuo kadhaa mashuhuri vya nchi ile viliwapiga picha wanafunzi wapya, wanaume kwa wanawake, wakiwa uchi au karibu na uchi, ili migongo yao ikaguliwe. Desturi hiyo iliendelea hata miaka ya 1960. Habari zake zilipoandikwa gazetini mwaka 1995, waliopigwa picha walikwisha kuwa watu wazima wenye vyeo na familia, na wengi wao waliona aibu na hasira. Picha zilizokuwa zimehifadhiwa zikateketezwa. Na utafiti mwingi uliofanywa tangu siku zile haukuthibitisha kwamba mtu aketiye amejikunja ataumwa mgongo kuliko aketiye wima.

Hata hapo mazungumzo yalikuwa juu ya kuketi na kusimama. Habari ya kuinama na kuinua ilipata nguvu mpya mwaka 1934. Katika mji wa Boston, wapasuaji wawili, William Mixter na Joseph Barr, walieleza kwamba maumivu makali yanayoshuka kutoka kiunoni hata mguuni mara nyingine huletwa na kisahani kilichopasuka. Yafaa nieleze kisahani ni nini. Kati ya pingili moja na ya pili mna kitu kama mto mdogo wa duara, wenye ukingo mgumu na moyo laini ndani, nacho huziwezesha pingili kupinda na kupokea uzito pasipo kusagana. Mixter na Barr walionyesha kwamba moyo ule laini huweza kuupenya ukingo na kuubana mshipa wa fahamu, na kwamba mgonjwa akipasuliwa huweza kupona.

Ugunduzi wao ulikuwa wa kweli, na wagonjwa wengi wamefaidika nao. Lakini kweli ikipata umaarufu hupewa kazi isiyo yake. Punde si punde kila maumivu ya mgongo yalisingiziwa kisahani, na kila kisahani kikasingiziwa kuinama. Haikufahamika kwa wakati ule kwamba visahani huchakaa kwa umri kama nywele zinavyoota mvi. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za ndani, kwa mitambo ya sumaku, watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo: watu 52 kwa mia walikuwa na kisahani kimoja au zaidi kilichotokeza nje, na waliokuwa na visahani vizima vyote ni 36 kwa mia tu. Wote hao walikuwa wakitembea na kufanya kazi zao pasipo habari.

Sasa tuitazame ile picha ya ukutani, yenye mtu aliyekunja magoti. Haikutoka hewani, ina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo ni ya tangu siku za Mtaliano Giovanni Borelli, ambaye kitabu chake juu ya mwendo wa viumbe kilitolewa mwaka 1680, muda mfupi baada ya kufa kwake. Borelli alitambua kwamba viungo vya mwili hufanya kazi kama mtarimbo. Mtu akiushika mzigo wa kilo 20 mbele yake, sentimita 50 kutoka mgongoni, mzigo huo unavuta kwa mkono mrefu. Misuli ya mgongo inayoupinga iko sentimita 5 au 6 tu nyuma ya visahani, kwa hiyo inavuta kwa mkono mfupi. Mwanafunzi wa hesabu ataona mwenyewe kwamba misuli yapasa kuvuta kwa nguvu ya karibu kilo 200 ili kuuzuia mzigo wa kilo 20, tena bado hatujauhesabu uzito wa kifua na kichwa chake. Kwa sababu hii, kuukaribisha mzigo mwilini ni shauri jema, na hakuna aliyelibatilisha.

Lakini shauri la kukaribisha mzigo si shauri la kukunja magoti, ijapokuwa yaliunganishwa yakawa kama moja. Mtu aliyechutama mbele ya kreti pana huzuiwa na magoti yake mwenyewe. Hawezi kulipitisha kreti kati ya magoti, hivyo humlazimu kulishika mbali zaidi kuliko ambavyo angelishika kama angeinama. Mwaka 1999 wataalamu wa Uholanzi walikusanya uchunguzi wote walioupata juu ya njia hizi mbili za kuinua, wakakata shauri kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuwafundisha watu wote kuinua kwa kuchutama. Mwaka huohuo, huko Ujerumani, daktari mmoja wa miaka 45 alikubali kuwekewa kipimo kidogo ndani ya kisahani cha kiuno chake, akaishi nacho siku nzima. Aliposimama, mkandamizo ndani ya kisahani ulikuwa megapaskali 0.5. Alipoinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda ulipanda hata 2.3, na kwa magoti yaliyokunjwa 1.7, lakini alipousimamisha mzigo uleule karibu na kifua ulikuwa 1.1 tu. Na alipojilegeza kitini na kuegemea nyuma, kwa namna ambayo mwalimu angemkemea, mkandamizo ulishuka chini ya ule wa kusimama, nao ulikuwa mdogo kuliko alipoketi wima. Huyo ni mtu mmoja, na mtu mmoja si watu wote. Hata hivyo vipimo vya kwanza vya jinsi hiyo, vilivyofanywa na Msweden Alf Nachemson katika miaka ya 1960, vilikuwa vimewafanya watu kuamini kwamba kuketi ndiko kunakouumiza mgongo kupita kusimama, na imani hiyo ingali ikirudiwa kila mahali.

Jaribio kubwa kupita yote lilifanywa na shirika la posta la Marekani, ambalo wafanyakazi wake huinua magunia na masanduku mchana kutwa. Watu karibu 4,000 waliingizwa katika uchunguzi. Baadhi ya vikundi vilifundishwa kuinua na kubeba kwa usalama, na wasimamizi wao pia wakafundishwa. Vikundi vingine havikufundishwa. Wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: waliofundishwa waliumia migongo sawasawa na wasiofundishwa. Tofauti iliyoonekana ilikuwa moja tu, kwamba waliofundishwa walijua zaidi majibu ya maswali juu ya kuinua kwa usalama. Uchunguzi mwingine uliofuata katika nchi mbalimbali haukuleta habari tofauti.

Mtu aweza kuuliza, ikiwa mafunzo hayo hayana faida kubwa, yana dhara gani? Dhara lake ni lile la lawama. Mfanyakazi akiteguka, humwonyesha tajiri wake mgongo, na tajiri humwonyesha mfanyakazi ile picha ya ukutani. Mzigo haupimwi, saa za kazi hazihesabiwi, idadi ya watu kazini haiulizwi. Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipoamua mwaka 1967 kulizungumzia jambo hili, halikuanza na magoti. Lilianza na uzito, likapendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono yake zaidi ya kilo 55. Hata kipimo hicho leo wengi hukiona kikubwa kupita kiasi.

Palikuwa na imani nyingine, nayo nitaigusa kwa kifupi: ya kwamba anayeumwa mgongo lazima alale kitandani mpaka apone. Madaktari waliwalaza watu wiki nzima na zaidi. Mwaka 1986 ilionekana katika Marekani kwamba waliolala siku 2 walirudi kazini upesi kuliko walioambiwa walale siku 7; na mwaka 1995 wafanyakazi wa mji wa Helsinki walioambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri maumivu yatakavyoruhusu walipona vizuri kuliko waliolala. Mgongo unaouma, kama si umevunjika au una ugonjwa mwingine wa hatari, hupona ukitumika.

Katika mambo haya yote Mwafrika hakuulizwa kitu, lakini alisemewa. Wasafiri wengi kutoka ng'ambo walipowaona mama zetu shambani wameinama kutoka nyongani, miguu imenyoka na mgongo umelala kama meza, walistaajabu. Na wengine wakarudi kwao wakieneza habari kwamba watu wa Afrika hawajui maumivu ya mgongo, kwa sababu wanajua kuinama. Wabebao mizigo nao walisifiwa vivyo hivyo. Mwaka 1986 Profesa G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya: Waluo, waliobeba mizigo kichwani, na Wakikuyu, walioibeba mgongoni kwa ukanda uliopita juu ya kichwa. Waliona kwamba akina mama hao waliweza kubeba mzigo wa uzito upatao sehemu ya tano ya miili yao pasipo kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu, jambo ambalo askari wabebao mashanta hawakuliweza. Ni habari ya kutia fahari, nasi tunayo haki ya kujivunia. Walakini yatupasa kuisoma jinsi ilivyo. Watafiti wale walipima pumzi, yaani gharama ya mwendo, hawakupima maumivu. Wengine walipowachunguza wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2010, hawakuiona faida ileile, na wanawake wenyewe walisema kwamba mzigo wa kichwani huwaumiza shingo.

Ama ile habari kwamba Mwafrika haumwi mgongo, ilipata jibu mwaka 2007. Watafiti wa Afrika Kusini walikusanya uchunguzi uliokwisha kufanywa katika nchi za bara hili, wakakuta kwamba watu wazima waliowahi kuumwa kiuno maishani mwao ni 62 kwa mia, na vijana 36 kwa mia. Hesabu hizo hazitofautiani sana na za Ulaya. Mama aliyekuwa akisifiwa kwa kuinama vizuri alikuwa akiumwa. Ni vile tu kwamba hakuna aliyemwuliza. Sifa ya namna hii ina hatari yake, kwa maana mgongo usemwao kuwa hauumi hautafutiwi dawa, wala mzigo ulio juu yake haupunguzwi.

Hatari hiyo ilionekana waziwazi mbali na hapa, katika mashamba ya California, na habari yake nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo iliyonifanya kuandika insha hii. Katika bonde la Salinas hulimwa saladi kwa wingi sana. Miche ikichipua husongamana, na kazi ya kwanza ni kuipunguza na kuipalilia. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa jembe lenye mpini wa futi moja au mbili tu, ambalo wafanyakazi waliliita kwa Kihispania *el cortito*, yaani "kifupi." Wengi wao walikuwa watu wa asili ya Meksiko, na kati ya mwaka 1942 na 1964 maelfu kwa maelfu waliletwa kutoka Meksiko kwa mikataba ya muda. Mtu alianza mwanzo wa mstari alfajiri, ameinama hata kichwa chake kikawa karibu na magoti, akaenda hivyo hadi mwisho wa mstari, kisha akaanza mwingine.

Wenye mashamba walitoa sababu zao. Jembe fupi, walisema, humkaribisha mtu kwenye mche asije akaukata mche mzuri. Jembe refu lingeharibu mazao na kuongeza gharama. Ilikuwapo na sababu nyingine: mnyapara akisimama mwisho wa shamba aliweza kumwona mara moja mtu aliyenyosha mgongo, na katika shamba la majembe mafupi kunyosha mgongo ni kupumzika. Sisi husema "kunyosha mgongo" kwa maana ya kupumzika kidogo, na kule maneno hayo yalikuwa kweli tupu, yenye adhabu nyuma yake. Tena walikuwapo waliodai kwamba watu wale wameumbwa kwa kazi ya kuinama. Msomaji ataitambua hoja hiyo, ni ile ile ya Mwafrika asiyeumwa mgongo, imevaa kofia nyingine.

Mwaka 1972 mawakili waliokuwa wakiwatetea maskini wa mashambani, miongoni mwao Maurice Jourdane, waliwasilisha kwa niaba ya wafanyakazi ombi kwa idara ya usalama wa kazi ya California, wakiomba jembe lile lipigwe marufuku. Madaktari waliitwa kutoa ushahidi, wakaeleza jinsi kuinama mfululizo, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, kulivyoiharibu migongo ya watu wangali vijana. Palikuwa na kanuni iliyokataza zana za mkono zisizo salama. Idara ikajibu kwamba kanuni ile ilihusu zana mbovu tu, kama nyundo iliyolegea au patasi iliyovunjika. Jembe fupi lilikuwa zima, kwa hiyo halikuwa na kosa. Ombi likakataliwa.

Wafanyakazi, wa kwanza katika orodha yao akiwa Sebastian Carmona, walikwenda mahakamani. Januari 1975 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba idara ilikuwa imeifasiri kanuni kwa ufinyu. Zana yaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwe salama, ikiwa kuitumia kama ilivyokusudiwa kutumiwa ndiko kunakomwumiza mtu. Mwaka huohuo idara ililipiga marufuku jembe fupi.

Tuitafakari hukumu hiyo kidogo. Mahakimu wale hawakumwuliza Carmona na wenzake kama walikuwa wakikunja magoti. Hawakuwapendekezea mafunzo wala picha ya ukutani. Mtu mwenye jembe la futi moja hana mkao ulio sahihi. Aweza kuinama kutoka nyongani, aweza kuchutama, aweza kupiga magoti, na jioni ataumwa tu. Mgongo wa binadamu umeumbwa upinde, na mtu aokotaye kitu chake mvunguni hana haja ya kuogopa. Alichonyimwa mtu wa Salinas ni ruhusa ya kuinuka tena.

Wenye mashamba walikuwa wametabiri hasara kubwa. Majembe marefu yakaingia, na saladi ya Salinas ikaendelea kwenda sokoni kama zamani. Lakini baadhi yao walipata njia nyingine: waliliondoa jembe kabisa, wakawaagiza watu wang'oe magugu kwa mikono mitupu, wameinama vilevile. Sheria ilikuwa imekataza mpini mfupi. Haikuwa imesema lolote juu ya kutokuwa na mpini. Ilipita karibu miaka 30 kabla ya jambo hilo kushughulikiwa. Mwaka 2004 California ilitoa kanuni ya kuzuia kung'oa magugu kwa mkono mahali ambapo jembe refu laweza kufaa, na pale ambapo haliwezi kufaa, mfanyakazi aongezewe dakika 5 za kupumzika juu ya zile za kawaida. Mashamba yanayolima pasipo dawa za viwandani, ambayo magugu yake ni mengi kuliko ya wengine, yaliachwa nje ya kanuni hiyo.